Mawe ya Calanais na Mwezi Unaotambaa

Hii miaka 19 ambayo watu wa mawe ya kale huizungumzia sana, mimi niliijulia kwenye maji ya bahari. Nilipoanza kazi ya upimaji ardhi Mombasa, mkubwa wangu wa kazi, mzee mkali asiyependa maswali, alinifundisha kwamba usawa wa bahari haupatikani kwa kutazama maji wiki moja wala mwaka mmoja. Bamvua la mwezi huu si sawa na la mwezi ujao, na la mwaka huu si sawa na la miaka tisa ijayo. Ukitaka kuandika kwenye ramani kwamba kilima fulani kimeinuka mita kadhaa juu ya bahari, hiyo bahari iwe wastani wa vipimo vya miaka 19 hivi. Nikauliza kwa nini 19. "Kaulize mwezi," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Nilikwenda kuuliza. Jua lina njia yake angani na mwezi una njia yake, na njia hizo hazilali pamoja: ya mwezi imeinama kidogo, nyuzi 5 na dakika chache. Zinakatana mahali pawili tu. Wanafalaki wa Kiarabu walipaita kichwa na mkia wa joka, maana kupatwa kwa jua na kwa mwezi hutokea karibu na hapo. Sasa mvuto wa Jua hauachi njia ya mwezi itulie. Inayumba polepole kama sahani iliyozungushwa mezani, na yale makutano mawili yanarudi nyuma, yanaelekea magharibi, mpaka yamalize duara kwa miaka 18.6. Newton alieleza sababu yake katika kitabu chake cha 1687, lakini kuyumba kwenyewe kulijulikana zamani kabla yake.

Ndiyo maana mwezi hauna mipaka imara kama Jua. Jua kila mwaka hufika nyuzi 23.4 kaskazini na 23.4 kusini, likageuka. Mwezi hufanya safari hiyohiyo kwa siku 27 tu, ila mahali pa kugeukia panahama. Kuna miaka unaishia nyuzi 18.3, miaka tisa na ushei baadaye unavuka mpaka 28.6. Upeo mdogo wa karibuni ulikuwa 2015. Upeo mkubwa ulikuwa 2006, kisha ukarudi 2024 na 2025. Baharini kwetu, mwezi ukiwa kwenye upeo mkubwa, lile jaa na pwa kubwa la mwezi, la mara mbili kwa siku, hupungua kwa karibu asilimia 3.7, kwenye upeo mdogo huongezeka kwa kiasi hichohicho. Mvuvi wa Kilindini hawezi kuihisi tofauti hiyo, ila mpima ardhi akiipuuza sentimita kadhaa zinampotea.

Kwa macho matupu, hapa Pwani, hakuna wa kukuambia kwamba mwaka huu mwezi umevuka mipaka. Uwe kaskazini uwe kusini, unapita juu ya mapaa. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo hata ukiwa mwisho wake wa kusini mwezi unapanda kiasi cha nyuzi 65 kutoka upeo wa macho. Nani atainua shingo apime?

Kaskazini ya mbali mambo ni mengine kabisa. Kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi ya Uskoti, kiko latitudo 58.2. Fanya hesabu: 90 toa 58.2 toa 28.6. Zinabaki nyuzi 3 na kidogo, na ukishatoa na kuongeza yale ya ukaribu wa mwezi na kupinda kwa mwanga, hazifiki 3. Maana yake, mwezi mpevu wa katikati ya mwaka, ambao huko ndio wa chini kuliko yote, katika miaka ya upeo mkubwa haupandi. Unatoka kusini, unatambaa juu ya vilima kwa muda usiofika saa nne, unazama. Miaka tisa baadaye mwezi wa msimu uleule unapanda nyuzi zaidi ya 10 zaidi. Hilo halihitaji chombo. Mtoto anayechunga kondoo ataliona, na bibi yake atamwambia kwamba aliwahi kuliona.

Nilikwenda Lewis mwezi Juni 2025 na binti yangu, anayefanya kazi Glasgow. Tulivuka kwa feri kutoka Ullapool hadi Stornoway, kisha gari mpaka kijiji cha Calanais. Mawe yako juu ya mgongo wa ardhi, ghuba ikiwa chini yake. Ni duara la mawe 13, katikati jiwe moja la mita 4.8, na kutoka duarani inatoka njia yenye mawe kila upande, kama mita 80 kuelekea kaskazini, na mistari mifupi pande nyingine tatu. Yalisimamishwa yapata miaka 5000 iliyopita, kabla ya yale mawe makubwa ya Stonehenge. Ni mwamba wa gneisi wa kijivu, wenye mikanda myeupe iliyojikunja, na hapa na pale mabonge meusi yanayong'aa yaliyokwama ndani ya jiwe. Nililizunguka jiwe la katikati kama ninavyozunguka nguzo yoyote ya mpaka. Upande mmoja ni pana, upande mwingine ni jembamba la kushangaza. Limesimama wima vizuri. Yeyote aliyelizika chini hakuwa anabahatisha.

Kwa karne nyingi nusu ya mawe haya ilikuwa imezama katika udongo mweusi wa mimea iliyooza, ule ambao wenyeji huuchimba na kuukausha wakaufanya kuni. Mwaka 1857 mwenye kisiwa, Sir James Matheson, tajiri aliyevuna mali yake katika biashara ya kasumba ya China, aliamuru uondolewe. Ulikuwa na kina cha kama mita moja na nusu. Wenyeji walikuwa na habari yao kuhusu mawe: kwamba yalikuwa majitu yaliyokataa kuingia Ukristo, mtakatifu mmoja akayageuza mawe. Turkana, karibu kilomita elfu saba kutoka hapo, nguzo za kando ya ziwa zina habari inayofanana nayo: watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Nitafika huko.

Usiku wenyewe mawingu yalitusumbua. Juni huko giza halishuki sawasawa. Saa sita usiku kaskazini bado kuna mwanga. Watu walikuwa wengi, wamejifunga mablanketi, wengine na kamera za miguu mitatu. Karibu na saa saba mawingu yakapasuka upande wa kusini na mwezi ukawa pale, mwekundu-mwekundu, umekaa juu ya vilima ambavyo watu wa Lewis wanaviona kuwa mwanamke aliyelala chali. Nilinyoosha mkono: kati ya mwezi na mgongo wa kilima palienea vidole viwili, havikuzidi. Binti yangu akasema, "Baba, mbona haupandi?" Nikamwambia leo haupandi, na akitaka kuuona tena ukifanya hivi ajiandae kwa mwaka 2043 hivi. Ukaenda magharibi pembeni, ukaingia nyuma ya mawe, ukatokea kati ya mawili. Kisha wingu.

Sikuwa na theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe. Nilifurahi kwamba sikuwa nayo, na sababu yake ni bwana mmoja aliyeitwa Alexander Thom.

Kabla ya Thom alikuwapo Boyle Somerville, afisa wa upimaji bahari katika jeshi la majini la Uingereza, aliyeyapima mawe ya Calanais mwaka 1909. Alikuwa mtu wa fani yetu, na ndiye wa kwanza kusema kwamba kuna mstari pale unaoelekea mahali mwezi unapochomoza kaskazini kabisa. Wengine hupenda kurudi nyuma zaidi, kwa Diodorus wa Sisilia, mwandishi wa karne ya 1 KK, aliyesimulia kisiwa cha kaskazini chenye hekalu la duara ambako mungu huja kila miaka 19. Mimi simtegemei Diodorus. Alikuwa anasimulia ya kuambiwa, na miaka 19 aliyoitaja ni ile ya Wagiriki ya kupatanisha mwaka na miandamo, miezi 235 kwa miaka 19 kamili. Hiyo si 18.6. Zinakaribiana tu, na kukaribiana huko kumewachanganya wengi.

Thom alizaliwa 1894, akawa mhandisi, akafundisha uhandisi Oxford kuanzia 1945 hadi 1961. Likizo zake alizitumia kupima mawe. Alifika Calanais kwa mashua yake miaka ya 1930 na hakupona tena. Kwa miongo kadhaa, akisaidiwa na jamaa zake, alipima mamia ya maeneo, kwa theodolaiti na utepe, katika mvua ya Uskoti. Ramani zake ni safi. Hata wanaakiolojia waliompinga walizitumia. Ningekuwa kijana ningeomba kumbebea miguu mitatu. Kisha akaandika vitabu viwili, cha 1967 na cha 1971, na katika hicho cha pili akasema jambo zito: kwamba watu wa zama za mawe walipima si upeo mkubwa na mdogo wa mwezi tu, bali hata ule mtikisiko mdogo wa mwinamo wa njia yake, wa dakika 9 za nyuzi, unaojirudia kila siku 173. Mtikisiko huo Ulaya uligunduliwa na Tycho Brahe mwishoni mwa karne ya 16, kwa vyombo bora kuliko vyote vya wakati wake. Dakika 9 hazifiki theluthi ya upana wa mwezi unaouona.

Hapa ndipo mpima ardhi ndani yangu anapokataa. Chukua jiwe lenye upana wa mita 1, ulitazame ukiwa mita 80. Linafunika karibu robo tatu ya digrii, yaani zaidi ya mwezi mzima. Kwa jiwe kama hilo huwezi kugawanya mwezi katika theluthi. Thom alilijua hilo, kwa hiyo akasema alama halisi hazikuwa mawe bali mapengo ya milima ya mbali, na mawe yalikuonyesha tu pa kusimama. Sawa. Kwa pengo lililo kilomita 10, dakika moja ya nyuzi ni mita 2.9, na dakika 9 ni mita 26. Kwa karatasi inawezekana. Lakini mwanga ukipita karibu na ardhi unapinda, na upindo huo haukai mahali pamoja. Kwenye upeo wa macho ni kama dakika 34 kwa wastani, na hewa ikipoa au ikipata joto unabadilika kwa dakika kadhaa. Wanafunzi wetu wa kazi tunawakataza kupiga mstari chini ya nusu mita kutoka ardhini kwa sababu hiyohiyo, na huo ni mstari wa mita hamsini, si wa kilomita kumi. Tena mwezi haufiki kilele cha safari yake ya mwezi ule hasa wakati wa kuchomoza. Unaweza kukifika saa nane mchana, uko chini ya ardhi. Thom alilitatua hilo kwa kusema mashamba ya mawe madogo huko Caithness, kama lile la Mid Clyth lenye mawe karibu 200, yalikuwa vikokotoo vya kujazia pengo hilo. Nadhani hapo ndipo alipowapa wazee wa kale akili yake mwenyewe na theodolaiti yake mwenyewe.

Aliyesafisha jambo hili ni Clive Ruggles. Miaka ya 1980 alipitia upya maeneo 300 ya magharibi ya Uskoti, na jambo lililonifanya nimwamini ni kwamba aliweka kanuni kwanza: mstari wa aina hii nitauhesabu, wa aina hii sitauhesabu, kabla ya kujua unaelekea wapi. Ule usahihi wa dakika chache ukatoweka. Kilichobaki ni kinene: mistari ya mawe ya magharibi ya Uskoti inajikusanya kuelekea kusini, pale mwezi unapokuwa karibu na mwisho wake wa kusini. Mwaka 2016 Gail Higginbottom na Roger Clay walifanya hesabu nyingine kwa Calanais na Stenness ya Orkney, nao wakakuta kwamba mielekeo ya huko si ya kubahatisha.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko Aberdeenshire, upande wa mashariki. Huko kuna maduara ya mawe zaidi ya 70 ya mtindo mmoja: upande wa kusini-magharibi wa duara jiwe kubwa limelazwa chini, na kila ncha yake limesimama jiwe refu. La Old Keig linakadiriwa karibu tani 50. Ukikaa ndani ya duara, lile jiwe lililolazwa linakuwa kizingiti, na mwezi wa kiangazi unapita juu yake, chini-chini, kati ya nguzo mbili. Fundi mmoja akijenga hivyo utasema bahati. Wakijenga hivyo mafundi wa vijiji vingi, karne hadi karne, wakiuelekeza ufunguzi upande uleule, basi walikuwa wanangoja kitu upande ule. Hawakuhitaji dakika 9. Walihitaji mwezi uingie mlangoni.

Watu huniuliza kama mwezi wenyewe haujahama tangu wakati huo, maana wamesikia kwamba unatukimbia. Unatukimbia kweli. Vioo vilivyoachwa huko tangu Apollo 11 mwaka 1969 vinarudisha mwanga wa leza, na vipimo vinasema sentimita 3.8 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 5000: mita 190, katika umbali wa kilomita 384,400. Hakuna jiwe litakalokuonyesha hilo. Kinachoyatenganisha mawe na anga ni mwinamo wa mhimili wa Dunia, uliokuwa nyuzi 24 hivi wakati Calanais inajengwa na sasa ni 23.4. Nusu digrii ni kidogo, lakini katika latitudo 58 mwezi unachomoza kwa mshazari mkali, na nusu digrii ya angani inakuwa zaidi ya nyuzi 2 kwenye upeo wa macho. Kwa hiyo waliojenga waliuona mwezi chini zaidi ya nilivyouona mimi. Norman Lockyer alijaribu kuutumia mwinamo huo, kwa Jua, kuipa Stonehenge umri. Mwaka 1901 akapata 1680 KK. Alikosea kwa karne nane hivi.

Sasa Turkana. Kando ya njia ya Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za basalti, nyeusi, nyingi zimeegemea kama zimechoka. Mwaka 1978 Mark Lynch na Lawrence Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za pale zinaelekea mahali zilipochomoza, mwaka 300 KK, nyota saba ambazo Waborana wanazitumia pamoja na mwezi kuhesabu miezi yao, Kilimia ikiwamo. Habari ilienea, na mpaka leo utaisikia kwa watembeza watalii. Nilipita hapo zamani nikienda kwenye kazi nyingine. Juu ya baadhi ya nguzo palikuwa na kokoto zilizowekwa na wapita njia. Nilitoa dira, nikaisogeza taratibu kando ya nguzo moja, na sindano ikageuka. Kijana aliyekuwa akinisaidia akacheka.

"Mzee, dira yako imelewa?"

"Iko sawa. Ni jiwe linaivuta."

Basalti ina chuma. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alikuwa ameshavihoji vipimo vya kwanza, na ikabainika kwamba nguzo zenyewe zina sumaku; mielekeo yote ikabidi ipimwe upya. Hata bila sumaku kuna hesabu nyingine inayonisumbua. Nguzo 19 ukiziunganisha mbili-mbili zinakupa mistari 171, na kila mstari una ncha mbili, yaani mielekeo 342. Duara zima lina nyuzi 360. Taja nyota yoyote, nitakutafutia mstari.

Wapo wanaotaka Kalokol iwe ya mwezi, kama Calanais. Sioni namna. Huko, nyuzi tatu na nusu kaskazini ya ikweta, kati ya upeo mdogo na upeo mkubwa mwezi unahamisha mahali pake pa kuchomoza kwa nyuzi 10 tu. Lewis ni nyuzi 28. Tena hautambai. Unapanda moja kwa moja, unapita utosini.

Waliochimba chini ndio waliotupa habari kamili zaidi. Maeneo ya nguzo ya Turkana, Kalokol likiwamo, yanawekwa kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita, si 300 KK. Anga la nyota halikungoja: mwaka 300 KK Kilimia ilichomoza karibu nyuzi 15 kaskazini ya mashariki, lakini miaka 2500 kabla ya hapo ilichomoza mashariki kabisa, au karibu sana na hapo. Mistari iliyopatana na anga moja haipatani na lile jingine. Na Lothagam Kaskazini, mahali palipochimbwa vizuri kuliko pote, Elisabeth Hildebrand na wenzake walitangaza mwaka 2018 kwamba chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi walizikwa watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto, wakiwa na shanga za mawe ya rangi, bila dalili ya mkubwa aliyetengwa na mdogo. Walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hilo. Ziwa lilikuwa linapungua, na nyingine kati ya nguzo zao walizileta kutoka umbali wa kilomita moja.